Mstari Uliorudi Nyumbani

Habari haijawahi kulala tumboni mwangu. Nilipokuwa msichana wa miaka tisa au kumi, kambini Tanzania, kazi yangu ilikuwa kukaa kwa jirani aliyekuwa na redio, kusikiliza mambo ya kwetu Burundi, halafu kukimbia kumwambia Baba. Betri za redio ile zilikuwa zimechoka, zile za kuanikwa juani mchana kutwa ili jioni zipate nguvu ya kusema nusu saa. Baba alikuwa kiongozi wa bloki yetu na aliona si heshima kwenda kujikunyata kwenye redio ya mtu, kwa hiyo masikio yake nilikuwa mimi. Nilikimbia pekupeku huku narudiarudia maneno nisije nikayamwaga njiani, nikifika nayasema yote kwa pumzi moja. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, mwanangu," kisha akatoka kwenda kuwaambia watu la kufanya.

Na la kufanya, kama habari yenyewe ilikuwa ya uchaguzi, lilikuwa moja tu. Matokeo yakishatangazwa, watu wote nyumbani. Aliteremka njia ya bombani akiwaambia wanawake, "Acheni ndoo. Imetangazwa. Twendeni nyumbani." Waliokwenda kuni walifuatwa. Watoto tuliondolewa barabarani. Hakuna aliyeuliza nani ameshinda. Baba alikuwa amewahi kuona watu wakicheza ngoma kwa furaha ya matokeo, na miezi michache baadaye akawaona walewale wakiingia kambini na magodoro kichwani, wengine bila watoto wao. Kwake yeye, saa ya kutangazwa ilikuwa saa ya kuhesabu watu wako na kufunga mlango. Bloki nzima ilimwamini kwa hilo. Mimi nilikua nikidhani uchaguzi duniani kote unaishia hivyo.

Tulipoletwa Marekani tulishukia Buffalo, jimbo la New York, sote, wazazi, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baadaye kazi na ndoa zikatugawa. Mdogo wangu alikwenda kusoma Columbus, Ohio, akabaki hukohuko akifanya kazi ya mahesabu katika kampuni ya bima. Mimi nilimfuata mume wangu Louisville, Kentucky, tukapanga Beechmont karibu na kituo cha basi, nikapata kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala moja Okolona. Baba na Mama walibaki Buffalo. Kanisa lao lilikuwa la watu wa kambini, Warundi wengi na Wakongo kadhaa, na hapo Baba aliendelea na uongozi wake bila kuchaguliwa na mtu. Mke na mume wakikosana walikwenda kwake kabla ya kwenda kwa mchungaji. Mtu akipata barua asiyoielewa alimpelekea, ingawa naye Kiingereza kilimpiga chenga, ili tu aishike mkononi na kusema itatatuliwa.

Nami niliendelea na kazi yangu. Simu ilikuwa imechukua nafasi ya mbio. Nani amejifungua, nani amepata uraia, bei ya tiketi imeshuka, yote yalipita kwangu kwenda kwa Baba kwanza.

Mwaka ninaousimulia hapa wazazi wetu waliapishwa uraia. Novemba ikawa na uchaguzi, si wa rais, ule wa katikati unaochagua magavana na maseneta, ambao Wamarekani wenyewe wengi hawajishughulishi nao. Kanisani kwa Baba ulikuwa mkubwa kuliko Krismasi. Mama alipiga kura asubuhi na wanawake wa kwaya. Baba alisubiri wanaotoka kazini jioni, kwa sababu hakutaka mtu aachwe. Walikuwa kumi na watatu, yeye akiwemo, wote raia wapya, wote hawajawahi kupiga kura popote duniani. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye miaka sabini na kitu ambaye mtihani wa uraia ulimwangusha mara mbili, akaupata wa tatu. Wiki nzima alikuwa mezani na penseli ya mjukuu wake akijifunza kujaza kiduara cha karatasi ya kura bila kutoka nje ya mstari. Mama aliniambia kwa simu kwamba bibi yule alinunua viatu kwa ajili ya siku hiyo.

Shemasi mmoja anayeishi kitongoji cha Cheektowaga ndiye aliyekuwa na vani ya kanisa. Alizunguka kuwachukua mmoja mmoja, mwingine bado anaoga, mwingine anatafuta kitambulisho, wakafika kituoni saa tatu kasorobo usiku. Vituo vya New York hufungwa saa tatu. Aliyekwisha kusimama kwenye mstari saa tatu ikigonga ana haki ya kupiga kura yake hata ikichukua saa nzima. Hilo mimi nalijua leo.

Siku hiyo Louisville mimi nilikwisha kupiga yangu nikitoka kazini, maana kwetu milango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Nikarudi nyumbani, nikabandika maharage, nikawasha televisheni. Mume wangu alikuwa shifti ya jioni, binti yangu anafanya homuweki mezani. Saa moja kamili mtangazaji akageukia ramani, Kentucky ikapakwa rangi, jina la mshindi likatokea. Chini yake palionyeshwa kura zilizohesabiwa, kidogo mno. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza wamejuaje. Nikamwambia wao wanajua. Saa moja na nusu Ohio nayo ikapakwa, gavana amepatikana. Mdogo wangu akapiga simu huku anacheka. "Dada, mimi ndiyo kwanza naingia nyumbani kutoka kupiga kura. Nimevua kiatu kimoja, wameshatangaza!"

Tulicheka. Nilifurahi kwelikweli, niseme ukweli. Nilipenda ile kasi. Baada ya miaka ya kusubiri mgao, kusubiri majina ubaoni, kusubiri ndege, hapa kulikuwa na nchi inayojua jambo kabla halijaisha. Nikakaa nasubiri saa tatu kama mtu anayesubiri mchezo wake.

Saa tatu kamili New York ikapakwa rangi. Sikumaliza hata sekunde. Nikampigia Baba.

Alikuwa na simu ya kukunja, na kwenye simu yeye ni mtu wa maneno mawili. Akaitika, "Ndiyo."

"Baba, imetangazwa! New York imetangazwa. Gavana ameshinda!"

"Imetangazwa?"

"Sasa hivi, kwenye televisheni. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

Nilisikia viatu vingi vikikwaruza sakafu, na mtu akikohoa. Kisha akasema, "Asante, mwanangu," akakata. Nikarudi kwenye maharage yangu nimeridhika kabisa.

Kilichofuata nilikijua baada ya siku mbili, kwa mdogo wangu, aliyekuwa amekisikia kwa Mama. Baba alikunja simu, akaiweka mfukoni mwa koti la suti, akawageukia watu wake. "Imetangazwa. Twendeni nyumbani." Hakupandisha sauti. Na watu kumi na wawili wakatoka kwenye mstari. Hakuna aliyeuliza, wote walikuwa wa kambini, wote walikuwa wameizoea sauti hiyo. Mama mmoja wa Bukavu, Mkongo, peke yake ndiye aliyesema kitu, akichanganya na Kifaransa kama kawaida yake. "Bon. Kama muzee anasema vile, donc twende." Mwanamke mmoja wa kituo, Mzungu mwenye miwani ya kamba shingoni, aliwakimbilia mpaka mlangoni akiwapungia mikono warudi, warudi, nafasi yao ipo. Walimpungia na wao, wakamshukuru. Shemasi alikuwa ndani ya vani anawasha hita. Aliambiwa imetangazwa, akaondoa gari. Baba alihakikisha kila mtu ameingia kwake na taa imewashwa ndipo akakubali kupelekwa nyumbani.

Asubuhi shemasi aliwahadithia wenzake kazini, na Mmarekani mmoja akamweleza, taratibu, kwamba wangeweza kubaki. Kwamba kura zao zilikuwa zao. Kwamba nyuma ya karatasi ya kura kulikuwa pia na maswali ya ndiyo na hapana ambayo hakuna televisheni iliyoyatangaza usiku ule. Shemasi alimwambia Baba jioni hiyo. Mama anasema Baba aliuliza mara moja tu, "Tungebaki?" Akajibiwa ndiyo. Akaenda kulala bila kula.

"Kuna mtu alimpigia," mdogo wangu akaniambia. "Mama amemuuliza ni nani, anasema alisikia tu. Ni wewe, dada?"

Nikamjibu, "Mimi saa hizo nilikuwa na maharage jikoni."

Jibu la namna gani hilo? Halikuwa uongo na halikuwa kweli. Mwanamke wa miaka thelathini, mama wa mtoto, najificha nyuma ya sufuria. Nilijiambia nitamwambia Baba mwenyewe kwanza. Kisha nikajiambia ningoje hasira zipoe, kumbe hapakuwa na hasira yoyote, kulikuwa na jambo baya zaidi.

Wiki mbili baadaye Buffalo ilifunikwa na theluji, ile iliyofika madirishani upande wa Cheektowaga, watu wakafungiwa ndani siku kadhaa. Baba hakuweza kwenda nyumba kwa nyumba, kwa hiyo akawapigia simu watu wake wote kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi. Yeye asiyependa simu. Mama alihesabu dakika, alisema hakuna aliyepata chini ya kumi. Bibi wa penseli alimcheka, akamwambia, "Tutapiga nyingine." Januari ilipokuwa inaisha bibi akafariki dunia, kifua kilimbana. Hakuna nyingine iliyokuja.

Nilisikia msiba ule nikiwa ghalani, wakati wa mapumziko. Nilikwenda kukaa chooni nikalia mpaka msimamizi akatuma mtu kuniita.

Mwezi wa nne nilipata siku nne za likizo. Nikaendesha gari na binti yangu mpaka Columbus, nikamchukua mdogo wangu, tukaelekea Buffalo. Ni safari ndefu, na baada ya kupita vyakula na watoto na magari, mazungumzo yakafika usiku ule wa kura. Mimi ndiye niliyeyafikisha. Nilianza kuwatukana watu wa televisheni. Wana haki gani, nikasema, ya kutangaza watu wakiwa bado wamesimama?

Mdogo wangu ni mtu wa hesabu, hakasiriki. Akanieleza kwamba wanawauliza watu siku nzima wanapotoka vituoni, na kwamba mahali pengine matokeo yanajulikana mchana kabisa. "Wanayashikilia mdomoni mpaka saa ya kufunga. Hiyo ndiyo adabu waliyokubaliana."

"Saa ya kufunga mlango si saa ya watu kumaliza. Mlango ukifungwa watu wamo ndani."

"Ni kweli. Lakini wengine watakaa kwenye mstari mpaka saa sita usiku. Nchi nzima isubiri?"

"Isubiri. Ina haraka ya kwenda wapi? Kila kituo kina simu. Wakiona ukumbi umebaki mtupu wapige, waseme tumemaliza. Ndipo mtu apake rangi ramani yake."

"Na watu wakae gizani wakibuni uvumi? Huko tulikotoka matokeo yakichelewa ndipo watu wanapochukua mapanga. Mimi naona bora yatoke mapema."

Hofu yake niliielewa, kwa sababu na yeye alikuwa mtoto wa kambi ileile na alikuwa na haki ya kuogopa kuchelewa kama Baba alivyokuwa na haki ya kuogopa kutangazwa. Bado naona mimi ndiye mwenye haki, na nimeendelea kuona hivyo hadi leo. Kura ya mtu aliyesimama inastahili kusubiriwa, hata kama haibadilishi kitu. Nikamwambia hivyo, na nikaongeza kwamba wale watu wa televisheni hawawezi kuvumilia hata nusu saa.

Mdogo wangu alikuwa anatazama ziwa upande wa kushoto. Akasema polepole, "Dada, wewe ulishindwa dakika moja."

Nilipunguza mwendo, nikahamia njia ya kulia.

"Nimejua tangu siku ile," akasema. "Hakuna maharage yanayochemka kuanzia saa moja mpaka saa tatu na wewe ukae na habari bila kumpigia Baba. Nimekungoja useme mwenyewe."

Binti yangu alikuwa amelala kiti cha nyuma, nashukuru. Niliendesha kilomita nyingi machozi yakinishuka, na mdogo wangu alinipa karatasi za kupangusia moja baada ya nyingine.

Tulifika Jumamosi jioni. Baba alikuwa amekonda. Alimbeba binti yangu ingawa ameshakuwa mkubwa wa kubebwa, akanishika kichwa, akauliza habari za mume wangu na za kazi, kila kitu kwa utaratibu wake. Tulipokuwa tunakula, mlango ukagongwa. Walikuwa mume na mke vijana, wa kanisani, nyuso zimevimba kwa ugomvi. Niliwaona wengi wa aina hiyo utotoni. Nikaanza kuondoa sahani ili Baba apate nafasi.

Baba akasimama, akawapa mkono, akasema, "Nendeni kwa mchungaji, wanangu. Mimi siku hizi siongozi mtu."

Kijana akasema, "Mzee, tumekuja kwako."

"Najua. Nendeni."

Wakaondoka. Baba akarudi kwenye ugali wake. Jikoni Mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndivyo ilivyo tangu Novemba. Kwenye vikao haongei. Wakimuuliza, anasema, "Msiniulize mimi. Mimi niliwatoa watu kwenye mstari." Vijana walimtania kidogo mwanzoni, wakimwita Mzee wa Matokeo, naye alicheka nao. Baada ya msiba wa bibi waliacha kutania, na hapo ndipo alipokunjika kabisa.

Usingizi haukuja. Nilimpenda baba yangu tangu nina akili, lakini siku ile nilimwonea huruma, na huruma kwa baba yako ni kitu kizito sana. Ndiye aliyetutoa sisi sote vizuri kutoka kila mahali. Sasa ameketi pembeni kwa jambo nililolifanya mimi, na ananifichia siri.

Kanisani kwao, kabla ya mahubiri, wageni husimama na kusalimia. Unataja ulikotoka, unaleta salamu za kanisa lako, watu wanakupigia makofi, unaketi. Mdogo wangu alisimama, akaleta salamu za Columbus, akapigiwa makofi. Nikasimama mimi.

"Natoka Louisville. Wa kule wanawasalimu." Makofi. Sikuketi. "Nina neno jingine. Usiku ule wa kura, aliyempigia mzee simu ni mimi. Niliona kwenye televisheni, nikakimbilia kusema. Sikumuuliza yuko wapi, sikumuuliza kama amemaliza. Niliposikia kilichotokea nikanyamaza. Miezi yote hii yeye anabeba na mimi nimenyamaza. Naomba mnisamehe. Msimhesabie yeye kosa."

Nilisikia kipasha joto ukutani. Sikuthubutu kumtazama Baba. Kisha mama wa Bukavu akapiga paja lake. "Eh! Donc ni weye uliongeaka naye ku telefone! Na muzee ananyamazaka tu!" Watu wakacheka, cheko la kupumua, na mchungaji, mtu mwenye hekima, akaanzisha wimbo kabla mtu mwingine hajapata la kuongeza.

Walinijia baada ya ibada, wengi kunikumbatia. Binti wa marehemu bibi alikuja wa mwisho. Alinishika mkono akaushikilia. "Mama alirudi usiku ule anacheka," akasema. "Alisema tumerudishwa nyumbani kama enzi za kambini. Hakuwa na kinyongo na mtu. Mimi ninacho kidogo. Kitaisha." Nikamwambia asante.

Baba alikuwa ananingoja nje kwenye maegesho, kando ya gari langu, amefunga vifungo vyote vya koti. Alikuwa na hasira. Nilishukuru kuiona.

"Nani alikutuma kusema?"

"Hakuna, Baba."

"Ulidhani mimi sikuwa na wa kumtaja? Nilikuwa naye. Sikutaka."

"Kwa nini hukunitaja?"

Aliangalia barabara. "Kuleta habari ni kazi niliyokupa mwenyewe ukiwa mdogo. Ulileta. Na habari yenyewe haikuwa ya uongo. La kufanya ndilo lilikuwa langu." Akapangusa kwa kiganja vumbi kwenye kioo cha gari, la chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. "Angekuwa mtu mwingine amenipigia, ningemuuliza maswali. Ningemuuliza yule mwanamke wa kituo. Wewe sikukuuliza. Sijawahi kukuuliza."

Nililia palepale mbele ya watu wanaoondoka na magari yao. Alinipa kitambaa chake, kilichopigwa pasi na Mama, na akasubiri nimalize kama alivyokuwa akisubiri zamani nimalize kuhema.

"Wale wa televisheni," akaniuliza, "wanajua kuna watu bado wamesimama?"

"Wanajua, Baba."

Alichukua kitambaa chake, akakikunja. "Basi hawana mtu wao kwenye mstari," akasema.

Kisha akafungua mlango wa gari, akaingia, akajifunga mkanda. Kabla sijawasha akasema, "Uchaguzi mkubwa ukija, usinipigie simu. Njoo."

Ulikuja baada ya mwaka mmoja na nusu, ule wa rais. Nilipiga kura yangu Louisville mapema kwa utaratibu wa wasafiri, nikaomba likizo bila malipo, nikaondoka alfajiri. Columbus nilipita kunywa chai tu, mdogo wangu alikuwa na mstari wake wa kusimama. Jioni Baba alivaa suti. Simu yangu nilimwachia Mama nyumbani, yake aliiacha juu ya kabati bila kuambiwa. Vani ilikwenda mara mbili safari ile, kwa sababu watu walikuwa wameongezeka, na kila aliyeshuka Baba alimtanguliza mbele yake. Mimi niliruhusiwa kusimama naye kama mtu wake wa lugha. Saa tatu kasoro dakika chache sisi ndio tuliokuwa wa mwisho, na mfanyakazi mmoja wa kituo akaja kusimama nyuma yetu kuonyesha kwamba mstari umeishia kwetu.

Saa ya ukutani ikafika tatu. Mlango ukafungwa. Watu wetu walikuwa mbele, migongo yao tu, makoti na vilemba, mmoja akimwonyesha mwenzake kwa kidole namna ya kujaza kiduara. Mahali fulani nje ya ukumbi simu ya mtu ililia, na mtu akapiga kelele ya furaha au ya huzuni, sikuweza kutofautisha. Baba aliusikia ule ukelele. Bega lake liligusa langu, na nilihisi mwili wake ukianza kugeuka, kidogo tu, kuelekea watu wake.

"Imetangazwa?" akaniuliza.

"Sijui, Baba," nikasema. Na kwa kweli sikuwa najua. Akanitazama kuona kama ni kweli, kisha akanishika mkono, na mstari ulipotembea tukasogea mbele hatua moja.